Je, tembo huitana kwa majina?

Juni 2024 habari moja ilizunguka dunia: tembo wana majina. Vichwa vingi vya habari vilitamka hivyo bila alama ya kuuliza. Ugunduzi wenyewe ni mkubwa, ila una mipaka yake, na mipaka hiyo huonekana tu ukiuliza: wamejuaje?

Watafiti, wakiongozwa na Michael Pardo, walikusanya milio 469 ya tembo jike na watoto wao, iliyorekodiwa Amboseli na Samburu nchini Kenya kati ya 1986 na 2022. Si ule mlio mkali kama tarumbeta ambao wengi tunaujua. Huu ni mngurumo mzito, tena sehemu yake ni ya chini mno kwa sikio la binadamu. Kwa kila mngurumo ilijulikana nani kautoa na nani kaitwa. Kwa mfano, mmoja amebaki nyuma, mwenzake ananguruma, naye peke yake anaitikia.

Kisha programu ya kompyuta ikafundishwa kubahatisha nani anaitwa, kwa kusikiliza mngurumo tu. Ilipatia 27.5%. Mwanafunzi akileta alama hizo nyumbani hapatakuwa na sherehe. Lakini programu ileile ilipolishwa takwimu zisizo na maana yoyote, ilipatia kama 8% tu. Pengo hilo ndilo habari yenyewe: ndani ya mngurumo kuna kitu kinachomhusu anayeitwa.

Kompyuta peke yake haitoshi, kwani inaweza kunasa tofauti ambayo tembo hawaijali. Kwa hiyo watafiti waliwawekea tembo 17 spika porini, wakawasikilizisha milio iliyokuwa imeelekezwa kwao na mingine iliyoelekezwa kwa wengine. Waliposikia mlio wao, walisogelea spika haraka zaidi na kuitikia upesi zaidi. Mimi jaribio hili lilinishawishi kuliko hesabu zote za kompyuta, maana aliyeulizwa ni tembo mwenyewe.

Mbona basi pomboo hawakuzua gumzo hilo, ilhali tunajua tangu zamani kwamba nao huitana? Kila pomboo ana mluzi wake, na anayemwita humwigiza mluzi huo. Ni sawa na kumwita paka “nyau”: unamrudishia sauti yake. Tembo hawakuonekana kuigiza sauti ya anayeitwa. Wanafanya kama sisi tunaposema “paka”, neno lisilofanana hata kidogo na mlio wa mnyama huyo. Hilo likithibitishwa zaidi, litakuwa jambo adimu sana nje ya lugha ya binadamu.

Ila jina lenyewe bado halijapatikana. Hakuna aliyeweza kukata kipande cha mngurumo na kusema hiki hapa ndicho jina la fulani, na ushahidi kwamba tembo wote humwita mwenzao kwa jina lilelile ni hafifu. Tena si kila mngurumo una jina. Dalili zilikuwa wazi zaidi pale tembo walipoitana kwa mbali, au mama alipomtuliza ndama.

Sauti za kujifunza haziishii kwa wanyama wakubwa. Mwaka 2021 watafiti wa Berlin walionyesha kwamba fuko wasio na manyoya, ambao huishi chini ya ardhi wakitawaliwa na malkia mmoja, wana lafudhi ya koloni, yaani ya kundi linaloishi pamoja. Mtoto akilelewa koloni ya ugenini hushika lafudhi ya huko. Malkia akifa, lafudhi hulegea mpaka apatikane mwingine.

Anayenivutia zaidi, hata hivyo, ni mlembe, ndege anayewaongoza watu hadi kwenye mzinga wa nyuki porini. Mtu huchukua asali, ndege hubakiwa na nta. Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita kwa mtetemo wa ulimi unaomalizikia kwa mguno: “brrr-hm”. Mtafiti Claire Spottiswoode na wenzake waliupima mwito huo, wakachapisha matokeo mwaka 2016. Ulipandisha uwezekano wa kuongozwa na ndege kutoka takriban 33% hadi 66%, ukilinganishwa na sauti nyingine za watu au wanyama, na uwezekano wa kuupata mzinga kwa njia hiyo kutoka 17% hadi 54%.

Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania hawasemi “brrr-hm”. Wao hupiga mluzi wenye mahadhi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023, miito hiyo ilibadilishanwa: mwito wa Wayao ukapelekwa kwa Wahadzabe, na mluzi wa Wahadzabe ukapelekwa Niassa. Milembe wa Tanzania waliitikia mluzi wa wenyeji zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa kigeni. Wale wa Msumbiji waliitikia mwito wa Wayao karibu maradufu.

Na mlembe hafundishwi haya na wazazi wake. Mama hutaga katika kiota cha ndege wa aina nyingine na kwenda zake. Kinda huanguliwa akiwa na ndoano mdomoni, akawaua makinda wa mwenye nyumba, akalishwa na mama asiye wake mpaka akaruka. Lugha ya warina asali wa eneo lake anaikuta baadaye, porini.