Mpira Unaotii Sumaku: Kutoka Chembe Hadi Kipande Kizima

Hapa Lubumbashi kobalti tunaihesabu kama mali ya betri. Ikishasafishwa ikawa metali, ina sifa nyingine: pamoja na chuma na nikeli, ni miongoni mwa metali chache zinazovutwa kwa nguvu na sumaku katika joto la kawaida.

Kwa mpira ninaouzungumzia hapa, chuma ndicho hutumika zaidi. Unga wake wa mikromita chache (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) huchanganywa na silikoni kabla haijaganda. Mpira unaopatikana ukisogezewa sumaku hurefuka, hupinda au huwa mgumu. Sumaku ikiondoka, hulegea tena.

Ugumu uko kwenye kutabiri. Sentimita moja ya ujazo, ikiwa asilimia 30 yake ni chembe zenye kipenyo cha mikromita 5, ina chembe zaidi ya bilioni 4, na kila moja inazigusa nyingine kwa uga wake, yaani eneo la nguvu ya sumaku linaloizunguka. Kompyuta ya kawaida haiwezi kuzifuata zote mbili mbili. Kwa hiyo mhandisi hukichukulia kipande kama kitu kimoja kisicho na chembe, na namba za ugumu wake huzitoa kwenye hesabu ya chembe mia kadhaa au elfu kadhaa.

Maabara ya mgodi nayo hupima gramu chache na kukadiria lori zima. Lakini punje za mawe hazivutani, hizi zinavutana. Umbali kati ya chembe mbili ukiongezeka maradufu, nguvu hupungua mara 16, hivyo majirani wa karibu ndio wenye usemi mkubwa. Hata hivyo walio mbali ni wengi mno, na jumla yao hulifanya umbo la kipande chenyewe liwe na uzito: kijiti kilicholala kuelekea uga hupata usumaku kwa urahisi kuliko sahani iliyoukabili, ingawa vimetoka chungu kimoja. Athari hiyo ya umbo huhesabiwa juu, kwenye kipande kizima. Mpangilio wa chembe huhesabiwa chini, kwenye sampuli ya chembe chache.

Na mpangilio si jambo dogo! Silikoni ikigandia ndani ya uga, chembe hujipanga minyororo, na mpira huwa mgumu zaidi kuifuata minyororo hiyo. Kwangu, ripoti inayotaja asilimia ya chuma bila mpangilio ni nusu ya kipimo.

Mwanafunzi wa politekniki anaweza kuanza na chembe 500, kisha 1,000, kisha 2,000. Jibu likiendelea kubadilika, sampuli bado ni ndogo, na namba yake isipandishwe kwenye modeli kubwa.