Baka Jeupe Shavuni si Fangasi

Kila kipupwe kinapoingia, kuanzia Juni hadi Agosti, kliniki ya ngozi ninayofanyia kazi hapa Njombe hujaa watoto wenye mabaka meupe mashavuni, na karibu wote huletwa wakiwa wamekwisha kuhukumiwa nyumbani. "Kamwene, daktari," alisema bibi mmoja juzi kabla hata hajakaa, "mjukuu wangu ana fangasi. Tumepaka dawa weee, hausikii." Nilimwitikia, nikamwomba amsogeze mtoto dirishani. Kwa mwanga wa pembeni lilionekana baka lisilo na ukingo wa wazi, rangi imepauka bila kutoweka, na juu yake magamba membamba sana yanayopukutika ukiyagusa kwa kucha. Hapakuwa na fangasi hapo, wala haikupata kuwapo, na dawa "haikusikiwa" kwa sababu haikuwa na wa kumsikia.

Jina la kitabuni ni pitiriasisi alba. Hewa yetu ya kipupwe ni ya baridi, na hewa ya baridi hubeba mvuke kidogo. Ikipigwa na upepo wa asubuhi, ngozi ya mtoto, ambayo ni nyembamba na ina mafuta ya asili machache, hupoteza maji haraka kuliko inavyoweza kuyashika. Ukavu huo huzaa mwasho na uvimbe mdogo usioonekana kwa macho, na seli zinazotengeneza rangi hupunguza kazi kwa muda. Kisha jua hukamilisha hadithi. Watu husahau kwamba Njombe iko kwenye mwinuko wa karibu meta 2,000, na kwamba baridi haipunguzi ukali wa mionzi. Ngozi inayolizunguka baka hukolea weusi, baka lenyewe hubaki nyuma, na mama huapa kwamba ugonjwa umeenea tangu juzi, ingawa kilichobadilika ni ngozi ya pembeni.

Vitabu husema kwa kujiamini kwamba hii ni aina hafifu ya pumu ya ngozi. Kwa watoto wengi nakubali, kwa kuwa ukiwachunguza utakuta mikunjo ya viwiko na magoti imekauka, au ndugu yao ana pumu ya kifua. Lakini wapo watoto wasio na lolote kati ya hayo, ambao ngozi yao yote ni laini isipokuwa mashavu, na hao chanzo chao hakuna mtaalamu anayeweza kukieleza mpaka mwisho. Ninachoweza kusema bila kusita ni kwamba si minyoo. Dawa ya minyoo inayotolewa shuleni ni nzuri kwa minyoo, na mabaka hayajui kwamba imemezwa.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera. Fangasi ya ngozi, ile ambayo watu huiita mashilingi, ina tabia yake: huwa na duara lenye ukingo ulioinuka na wenye magamba, katikati pakianza kupona, na mara nyingi huwa upande mmoja tu. Ukiwa na mashaka unakwangua magamba, unayatia potasi kwenye kioo, unayatazama kwa hadubini, na jibu linapatikana siku hiyohiyo. Badala yake mtoto mwenye mashavu makavu hupewa vidonge vya fangasi vya griseofulvini, huku mtoto mwenye mapunye kichwani, ambaye kweli ana fangasi na kweli anahitaji vidonge hivyo kwa wiki 6 hadi 8 kwa sababu vimelea wamejificha ndani ya unywele, akipakwa krimu isiyofika waliko. Kama kungekuwa na namna ya kuwabadilishana dawa hawa wawili pale foleni, nusu ya kazi yangu ya Julai ingeisha kabla ya chai.

Vidonge, hata hivyo, si kosa kubwa kuliko yote. Kosa kubwa ni ile krimu ya mchanganyiko inayouzwa kwa jina la "dawa ya ngozi", ambayo ndani yake mna dawa ya fangasi, antibayotiki, na steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) kali kama betamethasoni. Hupendwa kwa sababu steroidi hutuliza mwasho na wekundu ndani ya siku mbili tatu, na aliyeiuza huonekana bingwa. Ikipakwa juu ya fangasi halisi, steroidi hufuta ule ukingo unaotusaidia kuitambua, na fangasi huendelea kutambaa chini kwa chini bila sura yake, hata mtaalamu akaduwaa. Ikipakwa kwa wiki nyingi kwenye shavu la mtoto, huikondesha ngozi, hutoa vipele kuzunguka mdomo, na, hili nalisema polepole ili lieleweke, huipausha ngozi. Yaani dawa iliyonunuliwa kuondoa baka jeupe huzaa baka jeupe, mama analiona, anaongeza dawa, na mwezi wa pili anarudi dukani kununua tyubu nyingine. Simlaumu mama. Muuzaji ambaye hasomi kilichoandikwa kwenye boksi namlaumu kidogo.

Yapo mabaka meupe ambayo hayapaswi kupuuzwa. Mbalanga huwa nyeupe kama chokaa, yenye mpaka ulio wazi na isiyo na magamba, na mara nyingi hukaa kuzunguka macho, mdomo au vidoleni. Ukoma nao bado upo nchini, na baka lake hupoteza hisia. Kwenye mkono au mgongo tunalipima kwa kuligusa na uzi wa pamba mgonjwa akiwa amefumba macho. Hapa kuna jambo ambalo vitabu hulipitia haraka: usoni kipimo hicho hakiaminiki, kwa kuwa uso una mishipa mingi ya fahamu, na mtoto wa miaka minne hujibu "ndiyo" ili umwachie aende. Kwa hiyo ninapokuwa na shaka huwa ninapapasa mishipa ya shingoni na viwikoni, nauliza kama kuna aliyetibiwa ukoma katika familia, kisha namwita mtoto tena baada ya miezi michache. Matibabu ya ukoma hutolewa bure, na yakianza mapema hayaachi ulemavu.

Kwa mashavu ya kipupwe, kazi yenyewe ni ndogo na inachosha kwa sababu ni ya kila siku. Mwogeshe mtoto kwa maji ya vuguvugu, si ya moto, kwa muda mfupi. Usimsugue kwa dodoki. Na sabuni ya mche iache kwenye nguo, kwa sababu sabuni za namna hiyo zina ualkali mkubwa ilhali ngozi hupenda hali ya uasidi kidogo. Mfute kwa kumgusagusa tu, kisha mpake mafuta mengi ngozi ikiwa bado ina unyevu. Vitabu hutaja dakika tatu, nami sijapata kumwona mama mwenye mtoto wa miaka miwili anayeshika saa, basi tuseme kabla hujamvalisha. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanatosha kabisa, na ndiyo ninayowapaka wanangu. Ya alizeti pia ni mazuri. Kuhusu mafuta ya parachichi, ambayo huku kwetu sasa yanasifiwa kama dawa ya kila kitu, nina wasiwasi: yana asidi ya oleiki nyingi kama ya zeituni, na ya zeituni yalipopimwa kwa watu wazima yalionekana kudhoofisha tabaka la juu la ngozi. Parachichi lenyewe mpe ale. Sweta la sufu livaliwe juu ya fulana ya pamba, na kofia yenye ukingo ivaliwe hata siku ya baridi, ili jua lisizidi kulichora baka. Mwasho ukizidi, haidrokotisoni ya asilimia 1, ambayo ni steroidi hafifu, kwa siku chache, kwa maelekezo ya mtaalamu. Rangi hurudi yenyewe baada ya miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, na hakuna krimu ninayoiamini kuwa inaiharakisha sana.

Kipupwe huja na mengine pia. Vidonda vya puani vyenye ukoko wa rangi ya asali ni bakteria na vinahitaji antibayotiki. Mwasho wa usiku unaowashika wote wanaolala blanketi moja ni upele, na nyumba nzima hutibiwa siku moja. Mafua mepesi yaacheni yapite, lakini hesabu pumzi za mtoto aliyetulia kwa dakika nzima: zikifika 60 kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa aliye chini ya mwaka, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, au mbavu zikibonyea anapovuta hewa, mpeleke kituo cha afya saa hiyohiyo. Wala msilale na jiko la mkaa ndani mkiwa mmefunga madirisha. Hewa yake ya sumu haina harufu wala moshi, na huua familia nzima usingizini.

Mkija kliniki, acheni kumpaka mtoto dawa yoyote ya fangasi tangu wiki moja kabla, ili hadubini iweze kusema ukweli, na leteni kila tyubu iliyotumika, hata iliyokwisha na kukunjwa. Maandishi yake madogo huwa ndiyo ya kwanza kusomwa.