Dereva asiyengoja makanga

"Daktari, nikioga maji ya moto nawashwa kama niliyepita kwenye upupu." Mzee huyu wa Rongai alishabadilisha sabuni mara tatu, kwani aliambiwa ni aleji. Macho yake yalikuwa mekundu, hemoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, ilikuwa gramu 20 kwa desilita, juu mno. Majirani walimsifu: damu tele, afya tele!

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, kwa hiyo damu ya wakazi wake kuzidi kidogo ile ya watu wa Mombasa si ajabu. Oksijeni ikipungua, figo hutoa kichocheo kiitwacho erithropoietini, nacho huuamuru uboho utengeneze chembe nyekundu. Lakini kichocheo cha mzee kilikuwa chini mno. Figo zilikuwa zimenyamaza, uboho ukazidi kuchapa kazi.

Fikiria matatu. Makanga hugonga bati, dereva akaondoa gari. Makanga ndiye erithropoietini, bati ni kipokezi kilicho juu ya seli, na dereva ni protini ya JAK2 iliyoshikamana na kipokezi hicho kwa ndani. Mwaka 2005 watafiti waligundua hitilafu moja ndogo: kwenye nafasi ya 617 ya protini hiyo, asidi amino iitwayo valini imeachia kiti nyingine iitwayo fenilalanini. Basi dereva huondoka bila kugongewa. Karibu wagonjwa 95 kati ya 100 wenye polisithemia vera, saratani ya damu iliyompata mzee huyu, wana hitilafu hiyo. Mzee pia alikuwa nayo, wala hakuirithi. Huzuka yenyewe katika seli moja ya uboho.

Kinachonitia hofu ni kiharusi, maana damu nzito huganda upesi. Tunatoa damu takriban nusu lita kwa mkupuo hadi hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ishuke chini ya asilimia 45, pamoja na aspirini ya dozi ndogo. Ipo pia dawa ya ruksolitinibu, inayomkaba dereva mwenyewe, ila humkaba hata yule asiye na hitilafu, ndiyo maana wengine huishia kupungukiwa damu.

Mfuko ulipokuwa ukijaa, mkewe aliniuliza kama amtengenezee juisi ya bitiruti ili irudishe ile damu. Nikacheka kidogo. "Mama, managu na ale, bitiruti na anywe. Lakini vile vidonge vya madini ya chuma viache dukani. Uboho wake ukikosa chuma, hapo ndipo unapopunguza mwendo."