Homoni ya kiume kwa vijana wa Dar: yanayosemwa mtaani na ukweli wake

Nguzo za umeme kuanzia Kariakoo hadi Mbagala zimebandikwa karatasi zinazoahidi jambo moja, kurudisha nguvu za kiume, na namba ya simu chini yake. Kijana wa miaka 25 anayehisi mwili wake hauko sawa anakutana na dawa kabla hajakutana na mtu wa kumuuliza anaumwa nini. Siku hizi limeongezeka na neno testosteroni, yaani homoni ya kiume. Limekuwa jina la kila kitu: uchovu, kitambi, kukosa hamu, kushindwa tendo la ndoa.

Upungufu wa homoni hii ni ugonjwa wa kweli, na vijana wanaupata. Ndiyo maana inaniuma ukitibiwa kwa kubahatisha. Swali la kwanza liwe "kwa nini imeshuka?", na kabla ya hilo, "je, imeshuka kweli?" Duka la dawa halina jibu la swali lolote kati ya hayo mawili.

Dhana: "Uume hausimami vizuri, basi homoni imeshuka"

Hii ndiyo mama wa nyingine zote. Testosteroni hutengenezwa na korodani kwa amri ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, pituitari. Kwa mtu mzima inaamsha hamu, inatunza misuli, mifupa, damu na ndevu, na inasaidia mbegu kukomaa. Kusimama kwa uume kunategemea zaidi mishipa ya damu, neva na utulivu wa akili. Kwa hiyo kijana anaweza kuwa na homoni ya kutosha kabisa na bado akashindwa: alishindwa juzi na leo anaogopa kushindwa tena, ana madeni, ana sonona, au ana kisukari ambacho hajakijua. Presha, sigara, pombe nyingi na baadhi ya dawa za presha na za sonona nazo huchangia.

Kama ukiamka asubuhi uume umesimama, au ukiwa peke yako hakuna shida lakini ukiwa na mwenzako unashindwa, kuna uwezekano mkubwa kwamba homoni haihusiki. Upungufu huonekana zaidi pale mambo kadhaa yanapokuja pamoja na kudumu kwa miezi. Hamu yenyewe imetoweka. Kusimama kwa asubuhi kumekoma. Ndevu zinachelewa kuota kuliko zamani, matiti yanavimba, korodani zinasinyaa, misuli inapungua, au mfupa umevunjika kwa kuanguka kidogo tu. Na mvulana aliyetimiza miaka 14 bila dalili yoyote ya kubalehe apelekwe kwa daktari. Mara nyingi atakuwa amechelewa tu, lakini hilo aliseme daktari.

Vidonge vya sildenafili vinavyouzwa kila kona vinasaidia damu kuingia kwenye uume. Testosteroni havipandishi hata kidogo. Kijana anayevitegemea kwa mwaka mzima anaweza kuwa na kisukari au shida ya homoni inayoendelea kumla kimyakimya.

Dhana: "Hayo ni ya wazee"

Ni kweli homoni hushuka pole pole umri unavyosogea. Lakini ikishuka kwa kijana, mara nyingi kuna kitu kilichoishusha, na kitu hicho ndicho cha kutafutwa.

Wengine wamezaliwa nacho. Mvulana mmoja kati ya kila 500 hadi 1,000 huzaliwa na kromosomu X ya ziada, hali inayoitwa Klinefelter kwa jina la daktari Mmarekani aliyeieleza mwaka 1942. Wengi hawajui mpaka wanapooa na kutafuta mtoto. Wapo ambao korodani hazikushuka utotoni, au ilijisokota moja wakachelewa hospitali, au walipata matumbwitumbwi baada ya kubalehe yakashambulia korodani. Wapo wenye selimundu, ugonjwa ambao Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa idadi ya watoto wanaozaliwa nao. Vijana wake wengi hubalehe kwa kuchelewa, na korodani zao zinaweza kuathirika. Wakihudhuria kliniki wanaulizwa maumivu na damu. Hili la homoni na walitaje wenyewe wasipoulizwa.

Wapo pia wenye uvimbe kwenye pituitari, na huu nautaja kwa mkazo. Ukiwa na kichwa kinachouma mara kwa mara, macho yanayopoteza kuona pembeni, au chuchu zinazotoa maziwa, usikae nyumbani. Aina moja ya uvimbe huo hutoa homoni ya prolaktini kwa wingi na kuzima testosteroni, na mara nyingi hutibiwa kwa vidonge vya kabagolini bila upasuaji. Uvimbe ukinywea, homoni ya kiume inaweza kurudi yenyewe. Sasa fikiria kijana huyo amepewa sindano ya testosteroni mtaani: hamu imerudi, uvimbe unaendelea kukua.

Halafu kuna vitu tunavyojitia mwilini. Tramadoli, heroini na dawa nyingine za jamii ya afyuni hushusha homoni, methadoni ikiwemo. (Aliye kwenye huduma ya methadoni, kama ile iliyoanza Muhimbili mwaka 2011, asiache dawa kwa kusoma hapa. Amweleze daktari wa kliniki yake.) Vidonge vya prednisoloni na deksamethasoni vinavyomezwa muda mrefu ili mtu anenepe vinafanya vivyo hivyo. Na unene wenyewe ni chanzo kikubwa, kwa kuwa mafuta ya mwili hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa homoni ya kike. Hapo kupunguza uzito kunaweza kuipandisha bila sindano.

Dhana: "Nimepima mara moja, iko chini, basi nianze dawa"

Vipimo vingi vinaharibika hapa. Testosteroni hupanda usiku wa manane kuelekea alfajiri na kushuka mchana. Damu itolewe kati ya saa moja na saa nne asubuhi, tumbo likiwa tupu, maana chakula, hasa chenye sukari, huishusha kwa muda. Kijana anayetoka kazini Posta saa kumi jioni, akapita maabara akiwa ameshakula wali, anaweza kupata jibu la chini ambalo halina maana yoyote. Kwa mlinzi au dereva wa bodaboda anayelala mchana, saa ya mwili imegeuka, kwa hiyo amwambie daktari anaamka saa ngapi kabla ya kupangiwa muda.

Usipime ukiwa na malaria au homa nyingine. Ugonjwa wa ghafla huishusha homoni na ukipona hurudi. Usingizi mdogo pia: vijana wenye afya waliopewa muda wa saa tano tu za kulala kila usiku, kwa wiki moja, katika utafiti mdogo uliochapishwa Marekani mwaka 2011, homoni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15.

Jibu likiwa chini, kipimo kinarudiwa siku nyingine. Mwongozo wa madaktari wa mfumo wa mkojo wa Marekani wa mwaka 2018 unataka majibu mawili ya asubuhi yaliyo chini ya 300 kwa kipimo cha ng/dL (nanogramu kwa desilita), pamoja na dalili. Dalili bila namba haitoshi, na namba bila dalili haitoshi. Angalia pia maabara imeandika kwa kipimo gani, kwa sababu wengine hutumia nmol/L na hapo mpaka ni kama 10.4. Nimeona hofu kubwa ikizuka kwa sababu tu mtu alilinganisha 15 yake na 300 ya rafiki yake.

Ikithibitika, zinafuata LH na FSH, yaani zile amri za pituitari. Zikiwa juu, ubongo unapiga kelele na korodani haziitikii: tatizo liko kwenye korodani. Zikiwa chini au za kawaida tu wakati testosteroni iko chini, tatizo liko juu, na hapo prolaktini lazima ipimwe. Bila hatua hii daktari anatibu gizani.

Dhana: "Supu ya pweza na vumbi la Kongo vitamaliza kazi"

Pweza wa Feri ni chakula kizuri, na mihogo mibichi, karanga na nazi za kwenye toroli hazimdhuru mtu. Kula. Ila hakuna kati ya hivyo kinachoziamsha korodani zilizoharibika au kuponya pituitari. Madini ya zinki yanamsaidia aliyepungukiwa nayo.

Unga na vidonge visivyo na jina ni jambo jingine. Mamlaka za dawa za nchi nyingi zimekuta bidhaa zinazoitwa za asili zikiwa zimechanganywa sildenafili kwa siri. Mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za nitreti, zile za kutanua mishipa ya damu, akimeza mchanganyiko huo, presha yake inaweza kuporomoka akafa. Dawa yoyote isiyosajiliwa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, au na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kwa zile za asili, usiiweke kinywani.

Dhana: "Sindano ya testosteroni itanipa nguvu na mtoto"

Ningeweza kuandika sehemu hii peke yake na kuacha nyingine zote. Testosteroni inayotoka nje huzuia mbegu. Pituitari ikiona homoni ni tele kwenye damu, inaacha kutuma amri, na korodani zinasimamisha kazi na kusinyaa. Nguvu hii inajulikana kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani liliijaribu kama uzazi wa mpango kwa wanaume: sindano ya kila wiki, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionyesha zaidi ya nusu ya wanaume wenye afya walifika hatua ya kutokuwa na mbegu hata moja ndani ya miezi sita.

Kwa hiyo kijana aliyeoa mwaka jana, ambaye nyumbani kwao mama mkwe ameanza kuuliza, akichomwa sindano hiyo kwa nia njema kabisa anaufunga mlango anaoutafuta. Akiacha, kwa wengi mbegu hurudi ndani ya miezi sita hadi mwaka. Wengine huchukua hadi miaka miwili, na wapo ambao hazirudi zilivyokuwa. Wakati huo wote mkewe ndiye anayepelekwa kwa waganga.

Njia nyingine zipo. Tatizo likiwa kwenye pituitari, daktari anaweza kutumia sindano za hCG, homoni inayofanya kazi kama LH, pamoja na FSH ikibidi, au vidonge vya klomifeni, ambavyo huziamsha korodani zifanye kazi zenyewe. Kwa mwenye korodani zilizoharibika kabisa, au asiyetafuta mtoto kwa sasa, testosteroni ni tiba halali na nzuri: hamu hurudi, mifupa huimarika, hata upungufu wa damu hupona. Lakini sema kabla: "Dokta, bado nataka watoto." Na uombe kipimo cha mbegu kabla ya sindano ya kwanza.

Wale wa jimu wanaochomana ili kifua kitanuke wako kwenye hatari hiyohiyo, kwa dozi kubwa zaidi. Wakiacha ghafla, huporomoka: hamu hakuna, huzuni, uchovu. Wanaiona kama dalili kwamba "wanaihitaji", wanarudia. Waende hospitali na waseme ukweli wa walichotumia, maana bila hilo majibu ya LH yatampotosha daktari.

Mengine kwa haraka

Punyeto haimalizi homoni. Kuku wa kisasa hanenepeshwi kwa sindano za homoni, anakua haraka kwa sababu ya mbegu yake na chakula chake. Soya, katika kiasi ambacho watu wanakula, haishushi testosteroni. Ngiri na busha haviishushi pia. Busha hapa pwani mara nyingi hutokana na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu, na upasuaji wake ni wa kawaida.

Dhana: "Hospitali hawana habari na mambo haya"

Wanayo. Anzia kituo cha afya au hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Amana, Temeke au Mwananyamala, uombe kumwona daktari wa mfumo wa mkojo au wa magonjwa ya ndani. Wakihitaji bingwa zaidi watakupa rufaa ya Muhimbili. Kama una bima, uliza mapema kipimo kipi kimo, kwa kuwa vya homoni mara nyingine hulipiwa mkononi.

Aibu ya dirishani naielewa. Pale mapokezi huna haja ya kueleza chochote zaidi ya kwamba unataka kumwona daktari. Ukishaingia na mlango umefungwa, msalimie kisha sema moja kwa moja: "Shikamoo dokta. Miezi minne sasa sina hamu ya tendo la ndoa na asubuhi siamki kama zamani." Taja dawa zote unazotumia, za mtaani zikiwemo, na kama uliwahi kuumia au kufanyiwa upasuaji wa korodani. Mruhusu akuchunguze, kwa sababu korodani zinapimwa kwa mkono na ukubwa wake ni sehemu ya jibu.

Ukianzishiwa testosteroni, rudi kliniki baada ya miezi mitatu hadi sita. Watapima kiwango cha homoni na wingi wa chembe nyekundu za damu, kwa sababu dawa hii huzizidisha. Zikifika zaidi ya asilimia 54 ya ujazo wa damu, dozi hupunguzwa au kusimamishwa kwanza.