Makala ya sayansi ikifutwa, si lazima mtu amedanganya

Wengi huamini kwamba makala ya kisayansi ikifutwa, yaani ikitangazwa rasmi kuwa si ya kutegemewa tena, mwandishi wake ni tapeli. Si hivyo kila mara. Frances Arnold wa Marekani, mshindi wa Nobel ya Kemia 2018, alichapisha na wenzake makala kuhusu vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia) katika jarida la Science mwaka 2019. Majaribio yaliporudiwa, matokeo hayakupatikana. Daftari la maabara lilipofunguliwa, kumbukumbu na data ghafi za majaribio muhimu hazikuwamo. Januari 2020 wakaifuta makala yao, naye Arnold akaomba radhi hadharani, akikiri hakuikagua ipasavyo. Huo kwangu ni uungwana mkubwa. Utapeli upo, bila shaka: makala ya daktari Mwingereza Andrew Wakefield iliyohusisha chanjo na usonji ilichapishwa na jarida la tiba The Lancet 1998, ikafutwa 2010.