Mada ya Uzamivu Si Lazima Iwe ya Nchi Nzima

Msimu wa maombi ukikaribia, walimu wa Mbeya, Njombe na Iringa wanaotaka kusomea uzamivu (PhD) katika elimu ya kusoma na kuandika huleta maandiko yao yakaguliwe. Kichwa huwa kilekile: "Sababu zinazochangia wanafunzi kutojua kusoma katika shule za msingi Tanzania." Ukiuliza kwa nini, jibu nalo ni lilelile.

Dhana: uzamivu ni shahada kubwa, kwa hiyo mada nayo iwe kubwa

Hapana. Mhadhiri atakayelisoma andiko hilo majibu anayo tayari: madarasa yamefurika, vitabu haba, utoro, njaa. Anatafuta swali ambalo mtu mmoja anaweza kulijibu kwa miaka 3 au 4, na ambalo yeye mwenyewe hajui jibu lake.

Punguza hivi. Chagua darasa moja, kisha stadi moja: utambuzi wa sauti, kuunganisha silabi, ufasaha, ufahamu au uandishi. "Stadi za KKK" (kusoma, kuandika na kuhesabu) ni fungu zima, usiliandike kama jambo moja. Halafu sema watoto hao wanazungumza lugha gani nyumbani, maana hapo ndipo ukanda huu una utajiri ambao waombaji wanaukalia tu. Kinyakyusa kina irabu 7, Kiswahili kina 5. Mtoto wa darasa la pili kule Rungwe aliyelelewa kwa irabu 7 anakosea wapi akipewa imla ya Kiswahili? Makosa yake yanafanana na ya mwenzake wa Mbeya mjini aliyeanza kuongea kwa Kiswahili? Swali la namna hiyo humfanya mhadhiri aendelee kusoma.

Kipimo nacho kifikiriwe. Wengi hunakili upimaji wa dakika moja, wakahesabu maneno sahihi, kisha wakalinganisha na viwango vya watoto wanaosoma Kiingereza. Hilo ni kosa la wazi. "Hawakutusomea" kwetu ni neno moja lenye silabi saba. Kiingereza hulitandaza kuwa sentensi ya maneno kadhaa. Mtoto anayesoma maneno 20 ya aina hiyo amefanya kazi nyingine kabisa. Hesabu silabi, au tumia viwango vilivyotokana na watoto wanaosoma Kiswahili, na ueleze kwa nini umechagua hivyo. Aya moja ya maelezo hayo ina uzito kuliko kurasa tano za "usuli wa tatizo" zinazoanzia enzi za ukoloni.

Halafu kuna hojaji. Fomula ya Yamane, ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, inawekwa idadi ya walimu wa mkoa, inatoa sampuli inayokaribia 400, na mwombaji anaridhika kwamba ametafiti. Hojaji haimsikii mtoto akisoma. Shule 3, watoto 40, kila mtoto arekodiwe akisoma mara tatu ndani ya mwaka mmoja wa masomo: hiyo ni data ambayo mtu mmoja anaimudu na ambayo inaonyesha mabadiliko. Ukihitaji walimu, kaa nao darasani, usiwatumie karatasi ya "nakubali sana, nakubali, sikubali".

Dhana: programu lazima iwe na jina hilohilo

Wapo wanaotafuta jina, wakilikosa wanakata tamaa. Marekani fani hii mara nyingi imo ndani ya idara ya mitaala na ufundishaji. Kwingine utaikuta chini ya isimu tumizi au saikolojia ya elimu. Tafuta wahadhiri wanaochapisha kuhusu usomaji wa watoto, kisha uangalie wamo idara gani.

Dhana: bila fedha zako huendi

Inategemea nchi. Marekani vyuo vingi vya utafiti humlipia ada mwanafunzi wa uzamivu na kumpa posho kwa kufundisha au kusaidia utafiti. Uingereza kupata nafasi ni jambo moja na kupata ufadhili ni jambo jingine, na tarehe zake zinaweza kutangulia zile za nafasi. Soma kurasa zote mbili.

Dhana: barua ya mkubwa ina nguvu

Barua ya mkuu wa wilaya asiyejua umetafiti nini haina kazi. Aliyekusimamia uzamili anafaa zaidi, mradi aandike ulifanya nini na data. Mfumo wa maombi humtumia kiungo yeye mwenyewe, kwa hiyo toa barua pepe yake ya chuo. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi kati ya Desemba na Januari. Mwombe mwezi wa tisa, mkumbushe wa kumi na moja.

Dhana: nimesoma kwa Kiingereza, mtihani wa lugha haunihusu

Baadhi ya vyuo hukubali barua ya chuo chako, vingine havikubali. Uliza kwa maandishi. Matokeo ya IELTS na TOEFL hudumu miaka 2, usifanye mapema mno.

Dhana: majina yatarekebishwa baadaye

Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, pasi ina matatu, transkripti (orodha ya matokeo yako ya chuo) imekosea herufi. Mfumo wa maombi unaweza kukuona kama watu tofauti. Anza na transkripti, kwa kuwa chuo huweza kuchukua wiki kadhaa kuirekebisha, kisha upate kiapo cha majina kwa wakili na ukiambatishe kwenye kila ombi.