Erthi juu ya jiwe: kabla hujafungiwa kiyoyozi Mwanza

Ukifungiwa kiyoyozi asubuhi, jioni utajua kama kinapoza. Hutajua kama kina erthi, yaani waya unaoupeleka ardhini umeme uliovuja. Kiyoyozi kisicho na erthi hupoza vizuri kama kingine chochote, hakipigi kelele, hakili umeme zaidi wa LUKU, na kinaweza kukaa hivyo miaka hadi siku waya wa ndani unapochubuka na kugusa bodi ya chuma. Mimi ni mkufunzi wa umeme wa majumbani katika chuo cha ufundi hapa jijini, na jambo hili ndilo lililonifanya niandike.

Mwanza imejengwa juu ya mawe. Wageni hulipiga picha Jiwe la Bismarck pale ziwani, lakini mawe ya aina hiyo yako pia chini ya nyumba zetu kule Bugando, Igogo na Mabatini. Fundi anagongelea fimbo ya erthi yenye urefu wa mita 1.2, inazama kidogo, halafu inagota. Hapo ndipo mtihani wa fundi ulipo. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ya wageni mlimani, nikakuta fimbo imekatwa kwa msumeno na kipande chake kufukiwa, ukiangalia kwa juu unadhani imezama yote. Mama anayefua pale alikuwa akihisi mkono unamwasha kila alipogusa kifaa cha nje cha kiyoyozi nguo zikiwa mbichi. Akaambiwa mashine za umeme ndivyo zilivyo. Sivyo zilivyo. Ukihisi mwasho kwenye bodi ya kifaa chochote, zima meni swichi na umwite fundi siku hiyohiyo.

Wengi hudhani breka, ile swichi inayojikata mkondo wa umeme ukizidi, itawaokoa. Tupige hesabu. Tuseme erthi yako ina ukinzani, yaani ugumu wa kupitisha umeme, wa ohmu 100, jambo la kawaida kwenye miamba. Umeme ni volti 230. Waya ukigusa bodi, mkondo utakaokwenda ardhini ni ampea 2.3 tu. Breka ya ampea 20 haioni hatari yoyote hapo, na bodi inabaki na umeme ikimsubiri mtu. Kinachokata umeme katika hali hiyo ni RCD, ile swichi ya kinga yenye kitufe kilichoandikwa T. Ya miliampea 30 hujikata mara tu inapoona umeme unavuja kiasi hicho kidogo. Kibonyeze kitufe hicho mara kwa mara, isipojikata, imekufa. Lakini RCD haichukui nafasi ya erthi. Pasipo erthi, haitajikata mpaka umeme upate njia ya kwenda ardhini, na njia hiyo huenda ikawa mwili wa mwanao.

Fimbo ikigota, basi, tafuta udongo. Mara nyingi uko chini ya mteremko, palipoota migomba au majani mabichi hata kiangazi. Chimba mfereji, laza waya wa shaba, zamisha fimbo mbili au tatu na uziunganishe, moja isiikaribie nyingine kwa chini ya urefu wa fimbo yenyewe. Kisha pima kwa kipimo cha erthi. Tesita ya bisibisi haipimi erthi.

Nyaya nazo. Kiyoyozi kinastahili laini yake kutoka meni swichi, si kuchomekwa kwenye ekstensheni pamoja na friji. Kwa kile chenye nguvu ya kupoza ya BTU 12,000, waya wa milimita za mraba 2.5 na breka ya ampea 16 au 20 hutosha kwa kawaida, ila fuata kibao cha mtengenezaji. Breka hulinda waya. Ikiwa inajikata kila mara na fundi akakuwekea ya 32 juu ya waya uleule, ameutoa ulinzi, na waya utaanza kuungua darini ambako hakuna anayeuona. Nje weka swichi ya kuzimia karibu na kifaa, na kebo ya raba inayostahimili jua na mvua.

Swichi hiyo ya nje ina kazi nyingine huku kwetu. Wadudu wa ziwani, wale wanaopanda kutoka majini kama moshi, hujaa kwenye mapezi ya kifaa cha nje, na watu hukimbilia mpira wa maji mashine ikiwa inazunguka. Zima kwanza. Na usifungue bodi mwenyewe hata ukishazima, kwa sababu kapasita, kifaa cha ndani kinachohifadhi umeme, hubaki na chaji.

Kwenye kumbi, hoteli na ofisi, hewa hupitishwa darini kwa njia za bati ambazo mafundi huziita dakti. Usikubali kebo ya umeme ipitishwe ndani yake kwa kuwa ni njia ya mkato: moto ukianza, feni itausambaza moshi kila chumba. Dakti ya bati iunganishwe na erthi, ining'inizwe kwa vyuma vyake na si kulalia singibodi, na ivikwe sufi ya kuzuia joto bila kuacha uwazi. Dari zetu chini ya mabati ni tanuri mchana, na hewa ya ziwa ina unyevu. Hewa baridi ikipita kwenye bati lililo wazi, bati hutoa jasho, na jasho hudondokea viungo vya nyaya. Kama mtambo una koili ya umeme ya kupasha joto kwa asubuhi za Juni na Julai, koili hiyo iwe na kebo yake na kifaa kinachoizima feni ikisimama.

Kuhusu gesi ya kupozea nasema moja tu: mabomba hupimwa uvujaji kwa naitrojeni. Anayeleta mtungi wa oksijeni, msimamishe. Oksijeni ikikutana na oili ya kompresa hulipuka.

Muulize fundi leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, kabla ya kumlipa, na umwombe akuandikie kiasi cha ohmu alichopima.

Ile nyumba ya wageni tuliipatia udongo nyuma ya jiko, chini kabisa ya kiwanja. Kazi ya umeme ilikuwa ya saa chache. Kuchimba mfereji katikati ya mawe ndiko kulikotuchukua siku nzima. Tulipomaliza tulimwita yule mama, tukabonyeza kitufe cha T mbele yake, umeme ukakatika. Sasa yeye ndiye anayekibonyeza kila mwezi.